Nywele Tumeziona, Foleni ya Sukari Iko Wapi?

Shangazi yangu anaishi Walukuba pale Jinja, Uganda, na wikendi nikienda kumsalimia huwa tunaangalia TV pamoja, yeye kwenye kiti chake na mimi chini kwenye mkeka. Siku moja ikawa That '70s Show, ile komedi ya vijana wa Wisconsin huko Marekani, wamejazana kwenye chumba cha chini kwa kina Eric wanacheka tu, suruali za miguu mipana, mashati ya kola ndefu. Mimi nikaanza kumwonyesha makosa maana hayo mambo nayapenda sana, nikamwambia shangazi, hii ina misimu 8 lakini hadithi yenyewe inaanza Mei 1976 na kuisha usiku wa Desemba 31, 1979, sasa hesabu hizo Krismasi zote walizosherehekea, zimetoka miaka gani? Akanisikiliza mpaka nikamaliza, alafu akauliza, "Na hao watoto, huo mwaka wa 79, sukari walikuwa wanaitoa wapi?"

Nilicheka. Usiku nimelala nikaona swali lake limelishinda langu kabisa.

Chukua kalenda ya hiyo komedi uilaze juu ya kalenda yetu. Hao vijana wanaanza kukaa kwenye kile chumba Mei 1976, na Julai 4 makomando wa Israeli wanashuka Entebbe usiku kuokoa mateka. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum anauawa. Mwaka huohuo Byron Kawadwa, mtu wa michezo ya kuigiza, mkubwa wa National Theatre Kampala, anachukuliwa na hakurudi. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin, rais wetu wakati ule, linavuka kwenda Kagera, Tanzania, Aprili 11, 1979 Kampala inaanguka mikononi mwa Watanzania na Amin anakimbia, Yusuf Lule anakaa madarakani siku 68, anakuja Godfrey Binaisa. Kwa hiyo ule usiku ambao kina Eric wanahesabu kumi, tisa, nane kuingia miaka ya 80, sisi tulikuwa na rais wa tatu ndani ya mwaka mmoja na shangazi alikuwa anakunywa chai bila sukari, maana haikupatikana.

Simdai mtu wa Hollywood anieleze habari za Jinja. Lakini lile swali ukilipeleka Wisconsin kwenyewe bado linauma, kwa sababu 1979 Marekani nayo ilikuwa na foleni, za petroli, na bei za vitu zilikuwa zinapanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hao vijana maisha yao yote yapo ndani ya gari kubwa linalokunywa mafuta. Mwanzoni tamthilia ilikuwa inakumbuka, Red baba yake Eric anapunguziwa saa za kazi kiwandani na baadaye kiwanda kinafungwa, unaona mzee amekaa mezani na hasira yake na unajua ni hasira ya nini. Misimu ikaenda, hasira ikabaki kichekesho, sababu yake ikapotea. Hilo ndilo kosa la historia ninalolisema mimi, na hao wanaotafuta saa ya mkononi isiyo ya mwaka ule hawaligusi.

Na wanaotafuta saa wapo wengi, nami ni mmoja wao. M*A*S*H, ile komedi ya madaktari wa jeshi la Marekani vitani Korea, inatupa kazi sana. Vita vya Korea vilidumu miaka mitatu, Juni 1950 hadi Julai 1953, tamthilia ikaenda miaka 11, kuanzia 1972 mpaka 1983. Kanali Potter, mkuu wa kambi, anaripoti kambini Septemba 19, 1952, wanaisema tarehe wazi, alafu miaka kadhaa mbele kuna sehemu nzima inayopita mwaka wa 1951 kuanzia Januari mpaka Desemba na Potter yupo, anaongoza kambi. Radar, karani wa kambi, naye anaonekana na kitabu cha katuni za Avengers, na Avengers walianza kuchapishwa 1963. Ukijua haya unafurahi, kweli, lakini hakuna mtu aliyedanganywa kuhusu vita. Damu ilikuwepo, majeruhi waliletwa na helikopta kila siku, madaktari walichoka mpaka wakachanganyikiwa, na yule mtazamaji wa 1972 alijua kwamba Korea inayosemwa ni Vietnam, ambako vita bado vilikuwa vinaendelea. Kalenda imepinda, uzito umebaki. Mimi hiyo naisamehe asubuhi na mapema.

Happy Days siisamehi haraka hivo. Ilianza Januari 1974 ikisimulia Milwaukee ya katikati ya miaka ya 50, na ukiifuatilia mpaka 1984 unaona nywele zinavyoikimbia hadithi, yaani wale wapenzi vijana, Joanie na Chachi, mwishoni wana vichwa vya miaka ya 80 kabisa na wanaambiwa wako miaka ya 60. Watu wanacheka hizo nywele. Mimi nakumbuka zaidi habari ya koti la Fonzie, yule kijana mtata wa pikipiki. Wakubwa wa ABC, kituo cha TV kilichoionyesha, waliogopa koti la ngozi, waliona litamfanya kijana aonekane mhalifu, akavalishwa kijaketi chepesi cha kitambaa, na Garry Marshall aliyeitengeneza hiyo komedi akapigania mpaka wakakubali avae ngozi akiwa na pikipiki yake tu, ndiyo maana pikipiki ikaanza kuandikwa karibu kila mahali. Fikiria hilo vizuri. Watu wazima, 1974, wanakaa ofisini kuamua kwamba kijana mtata wa 1955 apunguzwe makali ili zamani iwe tamu. Na kama koti limepita kwenye kikao namna hiyo, je mambo mengine? Mwaka wa 1955 Emmett Till, mtoto wa miaka 14, aliuawa Mississippi, na Desemba mwaka huo Rosa Parks akakataa kuinuka kwenye kiti cha basi Montgomery. Pale kwenye mgahawa wa Arnold's, wanapokutana vijana wa Happy Days, utadhani hizo habari zilitokea sayari nyingine, na sura nyeusi zinazoingia mle unazihesabu kwa vidole. Nywele zilizokosewa angalau zinakuambia ukweli mmoja, zinakuambia mwaka ambao picha ilipigwa. Kile kilichonyamaziwa hakikuambii chochote, na mtoto anayeangalia hawezi kujua kwamba kuna kitu kimetolewa.

Makosa ya vitu mara nyingi yanatokana na mambo ya kawaida tu. Mwigizaji hataki kunyoa. Nyimbo ni ghali, The Wonder Years, komedi nyingine ya utoto wa zamani, iliisha 1993 na DVD zake kamili zikachelewa mpaka 2014 kwa ajili ya haki za nyimbo, kwa hiyo mtu mwenye bajeti ndogo anaweka wimbo anaoupata. Alafu mwandishi anaandika utoto wake, na utoto hauna tarehe. The Goldbergs, komedi ya familia ya miaka ya 80, walikubali hilo hadharani, kila hadithi iko mwaka wa 1980 na kitu, mambo ya mwanzo wa muongo na ya mwisho wake yanakaa meza moja, na ni sawa, ndivyo kichwa cha mtu kinavyokumbuka.

Sasa nieleze kwa nini shangazi anaipenda Everybody Hates Chris kuliko zote hizo. Ni utoto wa mchekeshaji Chris Rock. Yeye alizaliwa 1965, komedi inaanza Brooklyn 1982 na Chris ana miaka 13, hesabu inakataa, 1982 yeye mwenyewe alikuwa anakaribia utu uzima. Wameusogeza utoto wake mbele miaka kadhaa. Kwa kipimo cha tarehe hiyo ni komedi iliyokosea kuanzia dakika ya kwanza. Lakini angalia yule baba, Julius, anafanya kazi mbili, maziwa yakimwagika mezani anajua yaliyomwagika ni ya senti 49, anamwambia mtoto achomoe saa ya umeme kwa sababu ukilala huhitaji kujua ni saa ngapi. Kila kitu mle ndani kina bei. Shangazi alipomwona Julius alipiga paja lake akasema, "Huyu ni baba yako kabisa," na ni kweli, marehemu mzee alikuwa anapima sabuni kwa uzi, anakata kipande, kingine anafungia kabatini na ufunguo anautia mfukoni. Komedi iliyokosea mwaka na kupata bei imetupeleka zamani. Ile iliyopata mwaka na kusahau bei imetupeleka dukani kwa nguo za mitumba.

Ya pili anayoipenda ni Derry Girls, ingawa lafudhi ya hao wasichana inampa shida mpaka nimtafsirie. Lisa McGee aliyeiandika alikulia Derry, Ireland Kaskazini, wakati wa machafuko ya huko, na wanajeshi wapo tangu sehemu ya kwanza, wanapanda basi la wanafunzi na bunduki, bomu liko darajani, na watu nyumbani wanachokilalamikia zaidi ni usumbufu wa njia. Tulicheka mpaka shangazi akafuta macho. Alisema ndivyo ilivyokuwa, unasimamishwa rodibloku, yaani kizuizi cha wanajeshi barabarani, ukishapita salama unaanza kulalamika kwamba umechelewa. Kalenda ya hiyo nayo inavutwa, wasichana wanakua polepole kuliko matukio, mara tuko kwenye ziara ya Clinton ya 1995 mara tuko kwenye kura ya mkataba wa amani ya 1998. Lakini mwisho wa msimu wa kwanza wasichana wanacheza jukwaani shuleni kwa furaha zote, na nyumbani wazazi wamesimama mbele ya TV wanaangalia habari ya bomu, na yule babu ambaye kutwa anamsema mkwe wake anamwekea mkono begani bila neno. Hofu imeachwa ndani ya kichekesho, na kichekesho hakikufa, kiliongezeka.

Nimezunguka huko kote ili nirudi hapa kwetu, maana sasa vijana wetu wameanza, unafungua simu unakuta vichekesho vya enzi za Amin, miwani myeusi, tumbo la kuwekea mto wa kulalia, medali za vizibo vya soda kifuani, Kiingereza kilichovunjika. Vifaa wanajitahidi. Ila ukikaa na watu walioishi wakati ule unaona mapengo.

Duka kwa mfano. Ukiniwekea barabara ya Jinja au Kampala ya 1968 bila duka la Mhindi, umekosea. Ukiniwekea duka lilelile na mwenyewe yumo ndani Krismasi ya 1972 umekosea zaidi, kwa sababu amri ya Amin ya kuwafukuza Wahindi ilitolewa Agosti na siku 90 walizopewa ziliisha Novemba. Na kinachofuata hapo ndicho chenye hadithi, rafu zinabaki na vumbi, mtu aliyepewa duka hajui bidhaa inaagizwa wapi, anauza alichokikuta, kikiisha anauza rafu zenyewe. Kakira iko hapo karibu tu, mashamba ya miwa mpaka macho yanachoka, na baada ya kina Madhvani, wenye kiwanda cha sukari, kufukuzwa uzalishaji ukaanguka vibaya mpaka mji wa Jinja uliozungukwa na miwa ukawa unatafuta sukari kwa magendo. Shangazi alikuwa kiwanda cha nguo, anasimulia kwamba mgeni akija chai inawekwa kijiko kimoja, kwake yeye mgeni tu, nyinyi wa nyumbani mnang'ata kipande cha sukari guru na kunywa. Siku moja mgeni mmoja, mchungaji, akaomba aongezewe. Nyumba nzima ikanyamaza. Mama yao akainuka akaenda chumbani akakaa huko, hakurudi, mchungaji akanywa chai yake ikaisha, akasali, akaondoka, na mama bado yuko chumbani. Shangazi anaisimulia hiyo huku anashika mbavu. Hiyo ndiyo komedi, iko tayari, haihitaji tumbo la mto.

Au gari. Watengenezaji wanaweza kupata Peugeot ya zamani, zipo, wakaipaka rangi vizuri. Wasipojua herufi UVS kwenye namba, ambazo zilikuwa za State Research, polisi wa siri wa Amin, hawajui kwa nini watu barabarani walishusha sauti. Mtu anaigiza anatembea tu, gari linapita, anaendelea kula maembe. Hakuna aliyekula embe namna hiyo. Watu wa Jinja walijua mto ulikuwa unabeba nini pale bwawani.

Ila linaloniuma mimi kuliko yote ni lugha. Sisi tunaoishi na Kiswahili Uganda tunajua kwamba kila zama iliacha neno lake, na ukiwa na sikio unaweza kupiga tarehe kwa neno kuliko kwa suruali. Mafuta mingi ni wale waliotajirika baada ya 1972. Wakombozi ni 1979, wale waliomng'oa Amin, na Waganda wakalichukua wakasema bakombozi, na zile silaha kubwa za Watanzania zikaitwa saba saba na mpaka leo mzee wa Masaka ukimtajia anakunja uso. Panda gari ni miaka ya mwanzo ya 80, wakati wa Rais Obote kurudi madarakani, lori linakuja mtaani watu wanaambiwa panda, na mwingine alipanda hakuonekana tena. Kadogo ni yule mtoto aliyeingia Kampala na bunduki Januari 1986 pamoja na jeshi la Museveni. Mchaka mchaka, yale mafunzo ya siasa na ya kijeshi kwa raia, ikafuata. Sasa mtu anatengeneza kichekesho cha 1974 na mlinzi anapiga kelele "panda gari", watazamaji wanacheka, lakini yule aliyempoteza kaka kwenye lori mwaka wa 1982 anaona msiba wake umehamishiwa mtu mwingine. Hilo ni kosa la historia kubwa kuliko helmeti ya bodaboda kuonekana nyuma ya picha, ingawa hata hiyo, bodaboda zilianza kwa baiskeli huko Busia, pikipiki zikaja kutawala Kampala miaka ya 90, mtu asiniletee pikipiki ya abiria kwenye mwaka wa Amin.

Na Kiswahili chenyewe kinapewa nani? Kinapewa mwanajeshi na mwizi. Baba msomi anaongea Kiingereza, mama mpole anaongea Luganda, alafu mlango unapigwa teke na anayeingia ndiye anaongea Kiswahili, tena kibovu cha makusudi, wewe nakuja hapa, leta kipande. Sikatai kwamba kilikuwepo kwenye rodibloku, kilikuwepo, kila mtu wa umri wa shangazi alikisikia hapo na wengine ndilo neno la mwisho walilosikia. Lakini Walukuba yote iliongea Kiswahili. Nyumba za wafanyakazi zile zilikuwa na Msoga, Mluo, Mteso, Mlugbara, Malur, mtu wa kutoka Kenya, wangeelewana kwa lugha gani kwenye mashine, kwenye bomba la maji, kwenye mpira? Shangazi alitongozwa kwa Kiswahili. Akagombana na jirani kwa Kiswahili, akapatanishwa kwa Kiswahili, akambembeleza mtoto wa watu kwa Kiswahili usiku ambao mama yake mtoto alikuwa hospitali. Hayo hayapo kwenye vichekesho. Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa 1973, na wengi wakaona ni mali yake na ya bunduki zake, na baadaye katiba ikakitaja lugha rasmi ya pili 2005, baraza la mawaziri likakisukuma tena Julai 2022 kiingie shuleni kwa lazima, na bado unakuta mtoto wa Kampala anakuambia hiyo ni lugha ya wezi. Nani kamwambia? Yeye hajawahi kusimama rodibloku. Kaona kwenye simu, kwenye kichekesho.

Kuna watakaosema ni kuchekesha tu, mbona unaibebesha mzigo wa darasa. Naielewa hoja na zamani niliitumia mwenyewe. Lakini raia wengi wa Uganda wamezaliwa baada ya 1986, hawana foleni ya kukumbuka, na vitabu vya shule vinaipita ile miaka haraka, kwa hiyo picha yao ya wakati ule itatoka hasa kwa yule atakayewafanya wacheke. Mmarekani akidanganywa na Happy Days anaweza kupata filamu nyingine kumi, kumbukumbu za magazeti, wazee waliorekodiwa. Hapa komedi moja nzuri yenye makosa inaweza kukaa miaka 30 bila mtu wa kuisahihisha. Na wakati wenyewe haukukosa vicheko, wala wachekeshaji hawakukosa gharama, ndiyo maana nimemtaja Kawadwa. Watu walicheka jikoni, kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa, na mtu wa mwisho kuingia ndiye alichunguzwa kwanza. Mwigizaji akijua hivo tu, jinsi ya kucheka na jicho likiwa mlangoni, nguo zake zinaweza kuwa mitumba ya jana ya soko la Owino na nitaamini.

Kuna kijana wa kaka yangu anasoma mambo ya filamu na anataka kutengeneza kitu cha Walukuba ya 1975, komedi ya familia moja. Nilimpeleka kwa shangazi na daftari lake. Akauliza mambo ya nywele, mambo ya viatu, kitanda kilikuwa cha namna gani, shangazi akajibu yote kwa uvumilivu. Alafu akamwuliza, bibi, sehemu ya kwanza kabisa ungeweka nini?

Shangazi alifikiri kidogo. "Weka redio," akasema. "Mchana, watu wanakula, kila mtu anaongea na mwenzake anamkatiza. Alafu habari ya saa saba inaanza, wanataja majina, nani katolewa, nani kawekwa. Hapo wote wanyamaze. Hata yule anayetafuna muhindi aache kutafuna, autunze mdomoni hivi. Na wewe usinionyeshe redio wala mtangazaji, nionyeshe huyo wa muhindi."

Kijana akaandika. Shangazi akamwangalia anavyoandika, akamwambia afute neno muhindi aandike gonja, ile ndizi ya kuchoma, kwa sababu mwezi ule aliokuwa anaukumbuka mahindi yalikuwa bado shambani.